Kalipa Rangi ya Achari

Nyumba yangu na ya dada yangu Mareldia zimeshikana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba shemeji yangu Armien akipiga chafya kwao, mimi humjibu yarhamukallah nikiwa kwangu, na yeye hunishukuru. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia si ya kuambiwa. Mengine niliyasikia ukutani, mengine niliyaona kwa dirisha la jikoni, na yaliyobaki nilikuwepo mwenyewe, nimeshika sahani.

Armien alikuwa fundi rangi. Nyumba nyingi za hapa Portlands, mtaa wetu wa Mitchells Plain, zimepita mkononi mwake, na nyingine za huko mlimani kwa wenye nazo. Pale ukuta unapokutana na dari alikuwa anapitisha brashi bila tepu wala rula, na mstari unanyooka kama uzi uliovutwa. Mtaa mzima ulimwita Boeta Armien, kaka mkubwa, hata waliomzidi umri. Kisha mwaka jana akaacha kazi ghafla. Akasema ni magoti.

Hayakuwa magoti. Sisi wa nyumbani tulijua ni mkono wa kulia. Ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe, bila baridi wala hasira, na kikombe chake cha chai kikawa kinagonga kisahani kama mtu anayebisha hodi. Lakini yeye alisema magoti, nasi tukasema magoti. Mareldia alimnunulia hata mafuta ya kuchua magoti, na mzee wa watu akawa anajipaka kila jioni kwa utii, mafuta mazuri yakipotelea kwenye magoti mazima kabisa.

Akawa anashinda barazani na redio yake, kazi yake kukosoa rangi za dunia. Lori la mkate likipita, atasema mlango wake umepakwa na kipofu. Msikiti ukipakwa upya, atasema wamechanganya maji. Mareldia akasema afadhali zamani alipokuwa anarudi amechoka.

Hapo ndipo akaja Tauhir.

Tauhir alikuwa anamtaka Nuraan, binti yao, na jambo hilo lilikuwa linajulikana na kila mtu isipokuwa baba mwenye binti, ambaye alijua lakini alikuwa anangoja aambiwe. Siku hiyo ya Jumamosi kijana alikuja kusalimia rasmi. Alikuja na gari lake, Golf nyeusi, imeshushwa chini hadi paka asingepita uvunguni. Rimu zake zilikuwa za alumini, za wazi, na kati ya mikono ya rimu zilionekana kalipa za breki, vile vibano vya chuma vinavyoibana sahani ya breki gari linaposimama. Alikuwa amezipaka rangi nyekundu ya kung'aa.

Armien aliitikia salamu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Akainama. Magoti hayakulalamika.

"Hii nani kapaka?"

"Mimi mwenyewe, Boeta. Nyumbani, uani kwetu."

"Ulikuwa macho?"

Kijana akacheka kidogo, hajui kama anaruhusiwa. "Nilikuwa macho, Boeta."

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nauza miwani. Duka moja kule mjini."

"Basi jiuzie na wewe jozi moja. Tazama hapa, rangi imechuruzika kama kamasi ya mtoto. Na hapa umepaka juu ya kutu. Kupaka juu ya kutu ni sawa na kujifukiza udi hujaoga."

"Baba!" Nuraan alipiga kelele toka mlangoni. Alikuwa amevaa vizuri, mtandio mpya, na uso ulikuwa umeiva kama pilipili.

"Nini? Namsaidia."

Kijana mwingine angerudi nyumbani akalia. Tauhir alichuchumaa kando ya mzee, akatazama ule mchuruziko, akakubali. "Ni kweli, umechuruzika. Basi nionyeshe, Boeta. Nuraan kila siku ananisimulia mkono wako. Mimi sijauona. Na gari lako lile pale, kalipa zake ziko uchi."

Lile neno mkono likaanguka katikati yetu. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nikaacha kukaanga. Corolla ya Armien, kuukuu lakini safi, ilikuwa imesimama mbele ya geti kama inayosubiri jibu.

Aliyejibu ni Mareldia. "Mwache mzee wa watu, Tauhir. Magoti yake hayamruhusu. Siku hizi kazi yake kuwasema njiwa wa jirani."

"Nani kasema magoti yangu hayaniruhusu?"

"Wewe. Asubuhi, mchana, jioni."

Armien alimtazama mkewe, akamtazama kijana, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. "Jumamosi ijayo," akasema. "Wewe lete jeki na spana zako. Habari ya rangi niachie mimi."

Wiki ile ukuta wangu haukunyamaza.

"Breki utazijulia wapi wewe, Armien?"

"Breki ni chuma. Mimi nimepaka chuma kabla huyo mtoto hajazaliwa. Mageti, mabomba, majiko ya mahoteli."

"Na rangi gani? Nyekundu?"

"Nyekundu kila mwenye Golf anayo. Mimi si kila mtu."

Alinunua kopo la manjano na kopo la nyekundu, zote za kuhimili moto, akaanza kuchanganya kwenye chupa ya jemu juu ya meza ya jikoni ya dada yangu. Anatia tone, anakoroga, anapeleka dirishani, anaguna. Tone jingine. Akapaka kidogo kwenye kifuniko cha mkebe wa maharage, kisha, bila kumwambia mtu, akakitia ndani ya oveni kuona kama rangi itastahimili joto. Rangi ilistahimili. Sambusa za Mareldia zilizofuata humo ndani ndizo hazikustahimili. Alizileta kwangu, nikauma moja, nikauliza ameweka tina ya kuyeyushia rangi badala ya binzari?

"Muulize shemeji yako," akasema. Lakini hakuwa amekasirika. Alikaa kitini kwangu, akasema polepole, "Galiema, ameamka leo kabla yangu. Amevaa ile ovaroli yake." Kisha akachukua sambusa zake akaenda kuwapa kuku wa jirani, na kuku nao wakazikataa.

Rangi ilipokamilika alituita sote tuione. Ilikuwa kati ya manjano na rangi ya machungwa, yenye joto ndani yake, kama achari ya embe iliyokaa juani.

"Afadhali," Mareldia akasema. "Ukishikwa na njaa njiani, utalamba gurudumu."

Jumamosi ilikuja na upepo wa kusini-mashariki, ule unaochota mchanga wote wa Mitchells Plain na kuupeleka machoni mwa watu. Kwa fundi rangi hakuna adui mkubwa kuliko huo. Armien alisimama uani akaunusa, kisha akaingia ndani akatoka na mashuka meupe ya dada yangu, yale ya wageni, akayafunga kuzunguka gari toka getini hadi kwenye bomba la mvua. Kabla ya adhuhuri jirani wa upande wa pili akabisha hodi, kajitanda mtandio wa msibani, akauliza kwa sauti ya chini nani ametutoka.

"Hajatoka mtu," Mareldia akamwambia. "Ni Toyota inasitiriwa."

Ndani ya mashuka mle kulikuwa na wafalme wawili na nchi moja. Tauhir alikuwa ameleta jeki na stendi, akabandua vifuniko vya plastiki vya magurudumu, akalegeza nati, akainua gari mbele, akalikalisha juu ya stendi, akalisukuma kuona kama limetulia, ndipo akang'oa magurudumu. Armien akataka kuanza nyuma. Tauhir akamwambia nyuma hakuna kalipa, Corolla hii nyuma ina dramu tu, bakuli la chuma limefunikwa.

"Kwa hiyo ni mbili tu?" Sauti ya Armien ilikuwa ya mtu aliyeitwa kwenye karamu akakuta chai kavu.

"Mbili, Boeta. Zinatutosha."

Wakasugua. Brashi ya waya, kisha msasa, na vumbi la breki likawapaka nyuso kama wachimba makaa. Armien akataka kuosha kila kitu kwa tina. Kijana akamshika mkono. "Si kwenye mpira, Boeta. Mpira huu ukiliwa, mafuta ya breki yanavuja. Nitauziba kwa tepu. Na hiki kiskrubu cha kutolea hewa, na sahani yote. Rangi ikikaa kwenye sahani, breki haishiki."

"Tepu, tepu. Mimi sijatumia tepu toka nioe."

"Tutumie leo, kwa ajili ya atakayevuka barabara mbele yako."

Armien akaifunga chupa ya tina. Baadaye nikasikia anasugua kitu kidogo kwa bidii, kisha sauti ya dada yangu toka barazani. "Armien! Mswaki huo ni wa nani?"

"Ule wa zamani."

"Wa zamani wa lini? Nimeutumia leo asubuhi!"

"Basi toka asubuhi umezeeka."

Wakati wa kupaka ulipofika, Armien alikoroga rangi yake vizuri, akachovya brashi, akaifuta ukingoni mwa chupa, kisha akampa Tauhir.

"Paka wewe. Mimi nakufundisha."

Tauhir akapaka kalipa ya upande wa dereva, na mafunzo yakamshukia kama mvua ya mawe. "Usichovye kama unachovya biskuti! Nusu ya brashi, nusu! Nyembamba. Nimesema nyembamba, unataka kuivika koti? Usirudi nyuma. Rangi ikishalala usiiamshe. Huyu kweli anauza miwani, yarabi!" Lakini mkono wa kwanza wa rangi ulipokauka na wa pili ukaja juu yake, sauti ikapungua. Nikasikia, "Mh." Kisha tena, "Mh." Ninyi hamumjui shemeji yangu. Mh mbili toka kwake ni sifa ya kuandikwa ukutani.

Mimi na Mareldia tulikuwa tumewaletea chai na mkate wa jibini. Tulikuwa karibu kabisa na shuka, dada yangu amenyoosha mkono alifungue, tukasikia Tauhir anasema, "Upande huu wa pili ni wako, Boeta. Mgongo wangu umekufa."

"Endelea tu. Wewe bado kijana."

"Nimekuja kuuona mkono wako. Toka asubuhi nimeusikia mdomo wako tu."

Armien hakucheka. Upepo ukapiga mashuka, na mkono wa dada yangu umebaki hewani.

"Mkono huu," Armien akasema, "siku hizi unacheza ngoma yake mwenyewe. Umeona?"

Alikuwa hajawahi kulisema. Si kwa mkewe, si kwa daktari, si kwangu niliye na ukuta wa karatasi. Mareldia akanisukumia sinia, nikaipokea.

"Nimeona toka ile siku ya kwanza," Tauhir akasema. "Kikombe chako cha chai kilisema. Dukani kwetu yupo mzee anafunga skrubu za miwani, ndogo kama mbegu ya ufuta. Mkono wake unatetemeka kuliko wako. Huwa anakilaza kifundo chake cha mkono juu ya meza, anaacha vidole tu vifanye kazi. Kalipa si dari, Boeta. Iko chini hapa. Kaa kwenye hiki kigoda, uegemeze mkono hapa penye tepu."

"Utanifundisha wewe kupaka rangi?"

"Hapana. Nakufundisha kukaa."

Hatukusikia tena maneno. Tulisikia brashi ikifutwa ukingoni mwa chupa, mara moja, kama alivyoifuta miaka yote. Baada ya hapo Tauhir naye akasema, "Mh." Armien akamtukana kwa upole. Wakaendelea. Chai ikapoa kabisa, na dada yangu hakufungua shuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na upepo ulikuwa unayakausha, akashukuru upepo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipojiona yuko tayari, alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akakohoa, akaingia kwa kishindo.

"Mmemaliza, au mnangoja gari lizae?"

Jua lilipokuwa linaegemea, rangi ilikuwa imekauka. Tepu ikabanduliwa, magurudumu yakarudishwa, nati zikakazwa, gari likashushwa. Armien akatoa mashuka. Kisha, kwa heshima kubwa, kama anayemvisha mtu kofia, akarudisha vile vifuniko vya plastiki vya magurudumu, akavigonga kwa kiganja vikakaa. Akarudi nyuma hatua kadhaa hadi barabarani ili aione kazi yake.

Hakuona kitu. Corolla ilikuwa ile ile. Rimu za chuma zenye vitundu vidogo, na juu yake kifuniko kizima cha plastiki ya kijivu. Achari yote ilikuwa ndani, gizani.

Tulisimama pale barabarani, sote, Nuraan akiwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mareldia," Armien akasema bila kugeuka. "Wewe ulijua?"

"Nimeolewa na gari hili miaka yote hii. Nisijue lina vifuniko?"

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungeshika brashi?"

Armien akageuka akamtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa barabara, na Tauhir naye akakaa kando yake, wawili wale wenye nyuso nyeusi za vumbi la breki. Mwishowe akainuka, akavibandua vifuniko vya mbele, akavitia ndani ya buti. Dada yangu akasema sasa gari limekuwa kama mtu aliyesahau meno ya bandia nyumbani. Armien akamjibu, katika mji huu ambako watu hung'oa meno ya mbele kwa urembo, mwenye pengo hajawahi kukosa mchumba.

Jumapili ya wiki iliyofuata wazazi wa Tauhir walikuja kuposa. Baba yake alikuwa mpole wa kusikiliza, na mama yake, Bi Washiela, alikuwa mwanamke mrefu mwenye baibui ya hariri na miwani ya dhahabu, wa kukaa kitini kama picha. Tulikuwa tumekaanga koesista toka alfajiri, vile vitumbua vyetu vya viungo vinavyochovywa kwenye shira, na nyumba nzima ilinuka iliki. Armien aliwapokea vizuri, akawaombea dua, akawauliza habari za safari. Kisha, kabla hawajakaa, akawaambia kuna kitu lazima wakione nje.

"Armien," dada yangu akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Dakika moja tu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Bi Washiela, mbele ya majirani waliojifanya wanamwagilia maua, alikunja baibui yake ya hariri na kupiga magoti barabarani, Nuraan akimulika kwa tochi ya simu kwenye vitundu vya rimu. Akatazama upande wa dereva. Tukazunguka, akatazama upande wa pili.

"Kibano kimoja nimepaka mimi," Armien akasema, amejaa tele. "Kingine kapaka mwanao. Hebu tuambie, kipi ni cha nani?"

Nilimwona Tauhir akibadilika uso. Bi Washiela akasukuma miwani yake juu ya pua, akachungulia tena, akatabasamu kama mama anayemjua mwanawe.

"Hiki hapa ndicho cha Tauhir," akasema, akiuelekeza mkono upande wa abiria. "Pale pembeni mstari umepindapinda. Huyu toka utoto hana mkono uliotulia. Kile cha upande wa dereva ndicho cha fundi."

Hata jirani aliyekuwa anamwagilia aliacha maji yakamwagikia viatuni.

"Ndiyo, mama," Tauhir akasema upesi. "Hicho kilichopinda ni changu. Nilikosea."

Armien alimtazama kijana. Alimtazama sana. Nami nilijua, na dada yangu alijua, kwamba angeweza kuliacha neno lile lipite, tukaingia ndani tukala, na heshima yake ikabaki nzima.

"Muongo," Armien akasema. "Huyu kijana wenu ni muongo, nyinyi mnajua?"

Baba wa Tauhir akashtuka. "Kwa nini, Boeta?"

"Hicho kilichopinda ni changu mimi. Mkono wangu unatetemeka, mama Washiela. Toka mwaka jana unatetemeka, na mimi nimewaambia watu ni magoti." Akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya wote, ukatetemeka pale juani, naye akauacha utetemeke. "Kile kizuri kapaka mwanao. Mwanafunzi wangu. Mstari ule kaupitisha vizuri, sina cha kukosoa, na nimetafuta wiki nzima."

Bi Washiela, bado yuko magotini, hakujua aombe radhi au acheke. Mareldia akamshika mkono kumwinua. "Inuka, dada. Kwetu hapa kuna magoti mengi ya uongo, usitie na yako ya kweli."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na majirani nao wakacheka, maana walikuwa wamechoka kujifanya hawasikii. Armien akamwekea Tauhir ule mkono begani, mkono ukitetemesha bega lote la kijana.

"Mimi nimekubali," akasema. "Mchukue. Ila chumba chenu nitachagua rangi mimi."

"Samahani," Nuraan akasema. Alikuwa bado amechuchumaa kando ya gurudumu, tochi inawaka. "Mmeshaulizana nyote, na gari limeulizwa. Mimi kuna mtu ataniuliza?"

Tukatazamana. Kwa kweli hakuna aliyekumbuka.

"Haya, mwanangu," Armien akasema. "Unamtaka?"

Nuraan akazima tochi, akasimama, akapangusa gauni lake bila haraka, akatuacha tungoje. "Nitawaambia baada ya chai," akasema, akatangulia kuingia ndani, na Tauhir akamfuata mbio huku akijikwaa kwenye kizingiti.